Walisema Wamasai Hatuugui

Yeyo, mama yangu,

Mvua zimeanza tena Buguruni. Chumba chetu bado kinavuja upande ulikokuwa ukilala, na wasusi wenzako bado wanabanana humo kama tulivyokuwaga wakati wa korona.

Nakumbuka gari la matangazo likipita mtaani. Ukaniuliza kwa Kimasai, "Wanauza nini?" Nikakutafsiria: watu wakae mbali na wenzao. Ukacheka. Utakaaje mbali, na kazi yako kusuka nywele? Wateja walikuja na vikohozi vyao, wakainamisha vichwa mapajani mwako. Wengine walifuata mizizi yako ya kujifukizia. Mwenye nyumba akasema Wamasai hawaugui, wana dawa zao. Sijui, labda hata wewe uliamini.

Ukaugua. Mie nilikuwa nimeshaenda Mbweni, kazi za ndani, na bosi alikuwa amekataza tusitoke. Ukaenda zahanati peke yako. Muuguzi akakuuliza kama unapumua vizuri. Ukasema ndiyo, lile neno lako la Kiswahili ulilowajibia wateja wote. Akakuuliza kama umeelewa kwamba pumzi ikibana urudi upesi. Ndiyo. Nyuma yako foleni ilikuwa inanung'unika; mmoja wao ndiye aliyenisimulia. Akakupa dawa ya homa.

Pumzi ikabana, hukurudi zahanati. Nilipofika ulinishika mkono, hukuweza kusema. Tukakuzika huku huku mjini, mbali na ng'ombe wako. Yeyo, hilo bado linaniuma.

Nilimchukia sana yule muuguzi. Siku moja nikamwendea nimwambie. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho.

"Kumbe hakunielewa," akasema. "Nilimwona mama mwenye adabu, nikamwamini."

Kisha akaniomba niwe nakuja kutafsiri.

Niliacha kazi Mbweni. Sasa mie nasuka, na asubuhi za kliniki nakaa kando yake. Mwezi uliopita alikuja mke mdogo wa Mmasai mmoja, mgeni kutoka Kiteto, anahema. Aliposikia Kimasai akaeleza yote, kirefu, mpaka foleni ikalalamika. Muuguzi akawaambia wasubiri. Yule mke akapelekwa hospitali siku ileile. Jana nimemwona barazani, anasuka, anatutania.

Wenzako nimewaambia: hakuna atakayeugua humu akaenda kujieleza peke yake. Nakuahidi na wewe.

Lala, mama yangu. Kesho ni kliniki, na jirani wa mlango wa pili ameanza kukohoa. Nitampitia mapema.

Binti yako,
Naserian