Mjomba Aliyeombewa Akiwa Hai

Nyumbani,
Jumapili, 5 Novemba.

Mpendwa Dada,

Tumsifu Yesu Kristo! Najua umeitikia, hata kama uko kazini. Hujambo huko? Shemeji na mapacha hawajambo? Na kile kikohozi chako, kimekuacha? Sisi tu wazima, ila mgongo wa Mama ndio haukubaliani na kufua. Wiki hii hata mgongo wenyewe kausahau, kwa kucheka.

Unakumbuka Mjomba Bomba alivyofika Babu ameshafukiwa? Bomba kubwa lilipasuka sokoni, fundi ni yeye, akashindwa kuliacha. Mama alimwambia pale pale makaburini, "Basi ndugu zako ni maji. Mimi usinihesabu." Tangu siku hiyo hawasalimiani, na kanisani Mjomba akawa haonekani.

Alhamisi ilikuwa Siku ya Marehemu Wote. Nageuka hivi, namwona Mjomba benchi la nyuma kabisa, na ovaroli yake, kama mtu aliyeitwa kukagua paa. Mama naye alimwona, akakaza shingo mbele.

Katekista akaanza kusoma majina ya marehemu. Sasa wewe unajua Mjomba alipewa jina la Babu lile lile, la ubatizo na la ukoo. Na uchovu wa kazi ulikuwa umeshamlaza. Jina likatoka kwenye spika, Mjomba akaruka wima: "Nipo!"

Dada, mama mmoja wa kwaya alifanya ishara ya msalaba, akahama benchi. Padri akavua miwani, akasema taratibu, "Mzee, hapa tunawataja waliotangulia."

"Samahani, Padri. Mimi bado. Huyo ni baba yangu."

Kanisa likavunjika mbavu. Na Mama, Mama huyu aliyenuna tangu msiba, alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Nilipomtazama vizuri, nikaona analia pia.

Baada ya misa Mama alimsubiri Mjomba mlangoni. Hakumsalimia, alimwambia tu, "Twende kwa Baba." Tukaenda watatu. Mjomba alisimama mbele ya kaburi, kofia mkononi. "Sikukuzika, mzee wangu," akasema. "Nisamehe." Mama akamshika mkono.

Mjomba akapiga magoti kusali, lakini kwikwi ikamchanganya: "Raha ya milele unipe, ee Bwana..."

"Umpe!" Mama akamkatiza. "Wewe ngoja zamu yako."

Wakacheka pale chini, wameshikana kama watoto, hadi mchimba makaburi akaja kuuliza kama kuna tatizo.

Mama anakusalimu sana, na Mjomba pia. Anasema uwaambie wote huko kwamba yu hai. Wabusu mapacha kwa niaba yetu. Mungu awafunike kwa mkono wake, na Babu apumzike kwa amani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kipimo,
Kitinda Mimba