Vikombe Vyangu vya Ramadhani

Mpendwa mshauri Bi Tawakali, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana hapa nyumbani hakuna anayenisikiliza, mke wangu Moza ananiambia "chakula kipo mezani" na baada ya hapo ni kimya mpaka kesho, na binti yangu Sauda amekwenda kwa mjomba wake Mtama bila kuniaga, na yote haya ni kwa sababu ya kikombe kimoja cha kahawa ambacho, wallahi, kilikuwa haki yangu.

Mimi ni mtu wa Lindi mjini, nina duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, na jirani na duka langu kuna mgahawa, jina silitaji wasije wakanishtaki, ila ni ule wenye matawi Masoko, Nangurukuru, Mtama na hapa kwetu. Mwezi wa Shaabani walikuja na kitu wanakiita kadi ya kahawa, ni kama kifurushi cha simu tu, unalipia kabla, halafu kila siku unakwenda unaonyesha simu yako kaunta na unapewa kikombe kimoja bila kutoa kitu, na wakasema ukilipia miezi miwili wa tatu unapewa zawadi, nikaona mimi ambaye siku haipiti bila kahawa nikiiacha hii nitakuwa mjinga, nikalipia, na jirani yangu Augustine mwenye duka la nguo naye akalipia, tukapongezana.

Sasa Bi Tawakali, ukishatoka Shaabani unaingia wapi? Ramadhani. Hilo sikulifikiria, na wao hawakunikumbusha. Mgahawa wenyewe unafungwa alasiri, yaani unafungwa wakati mimi bado nina kiu yangu, basi Ramadhani nzima nilikuwa nakaa dukani nimefunga, namwona Augustine anaingia na kutoka akijifuta mdomo, na simu yangu kila asubuhi inaniletea ujumbe, "Kahawa yako ya leo inakusubiri." Nikajisemea moyoni, acha isubiri, vikombe vyangu havipotei, nitavidai baada ya Idi.

Kabla sijafika kwenye kikombe chenyewe nikueleze kwamba Sauda ameposwa na kijana wa Kilangala, anaitwa Hussen, fundi umeme, kijana mzuri sina neno naye, na mshenga wao ni Mzee Likwata, mkulima wa korosho, mtu mzima anayeheshimika kwao. Barua ya posa alikwishaileta, tukampangia siku baada ya Idi aje kuchukua majibu, na majibu yalikuwa ndiyo, kila mtu alijua ni ndiyo, Moza amepika pilau, wajomba wa Sauda wamekaa sebuleni na kanzu zao, mimi nikapewa kazi moja tu, kwenda stendi kumpokea mgeni.

Nikampokea. Mzee kachoka na safari, kashika kikapu cha korosho za kukaanga, nikaona si vizuri kumburuza juani hajapata hata kikombe, nikamwingiza mgahawani penye feni. Nikaonyesha simu, mhudumu, binti mmoja anaitwa Jenipher, akaniletea kahawa yangu, kikombe kimoja.

Nikamuuliza, "Na cha mzee?"

Akasema, "Samahani baba, kadi ni ya mtu mmoja, kikombe kimoja kwa siku."

"Mimi nina vikombe vya Ramadhani nzima hapa kwenu. Toa kimoja umpe mgeni wangu."

"Vile vimeshaisha muda wake, baba."

"Vimeishaje muda na mimi nilikuwa nimefunga? Mlitaka nile mchana?"

Bi Tawakali, damu ilinichemka. Nikaitisha meneja, meneja naye hana jingine, ni masharti ya kadi, masharti ya kadi, watu wa stendi wakaanza kujaa mlangoni, Mzee Likwata akaninong'oneza, "Bwana Yassini, acha tu, mimi maji yananitosha," nikamwambia hapana mzee, wewe tulia, hapa ni suala la haki, basi akatoa hela yake akamwambia Jenipher amletee kikombe alipe mwenyewe nami nikaichukua ile hela nikamrudishia mfukoni mwake na nikamkataza Jenipher asilete chochote pale mezani mpaka kieleweke, na si kwamba sikuwa na hela, hela nilikuwa nayo, lakini kwa nini nilipie kitu nilichokwisha kukilipia, na Augustine naye akatokea akasema, "Jirani, kunywa basi, chako kinapoa," nikajua huyu ananicheka.

Nilipogeuka, Mzee Likwata amesimama. Akaniambia kwa upole kabisa, "Bwana Yassini, majibu ya posa nimeyapata hapa hapa. Kama mgeni anawekwa namna hii kwa ajili ya kikombe, huyu kijana wetu akiwa mkwe atawekwa mara ngapi." Kisha akasukuma kikapu upande wangu, "Hizi korosho mpelekee mama, mwambie nimemsalimu." Akatoka, akavuka barabara, akapanda gari la kurudi kwao.

Tangu siku hiyo Kilangala kimya. Pilau lililiwa na watoto wa majirani. Wajomba walivua kanzu zao wakaondoka, na Sauda alisema neno moja tu, "Baba, ungemlipia tu," halafu akafungasha nguo. Kikapu kipo juu ya kabati, Moza hataki kiguswe, hata korosho moja.

Naomba unijibu, kwanza, hii kadi ina faida au nimeibiwa, maana Mfungo Mosi, ule mwezi wao wa zawadi, bado haujaisha na wamenitumia ujumbe niendelee na miezi mingine. Pili, nifanyeje posa ya mwanangu isife, kwa sababu mimi Kilangala siwezi kwenda, baba wa binti hafuati posa, itakuwa kama namtembeza mtoto. Lakini pia naomba uwaandike hawa watu wa mgahawa gazetini, wajue kwamba mtu aliyefunga hadhulumiwi.

Ni mimi Yassini, mnyimwa haki, Lindi mjini.

Bi Tawakali anajibu:

Marahaba, Bwana Yassini. Nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sasa na wewe kaa kitako.

Nianze na mgahawa, usije ukasema nawapendelea. Mtu anayefanya biashara Lindi anajua wateja wake wengi mwezi wa Ramadhani wanafunga. Kuwauzia Shaabani kahawa ya kunywa mchana, na kuwafungia mlango kabla ya magharibi, huo ni ujanja, na umenikera mimi kama ulivyokukera wewe. Walitakiwa wakuambie kabla hujalipa. Ungekwenda siku nyingine, wewe na wenzako wenye kadi mliofunga, mkakaa na meneja mkamweleza ukweli wake, ningekuwa upande wenu na ningeliandika hilo kwa herufi kubwa.

Lakini hukwenda siku nyingine. Ulikwenda na mshenga wa mwanao.

Na katikati ya ile sentensi yako ndefu kuna jambo umelipitisha haraka ukidhani nami nitalipita. Nimelisoma mara mbili nikavua miwani. Mgeni alitoa hela yake, na wewe ukamrudishia mfukoni, ukamkataza mhudumu asimhudumie. Basi mgahawa haukumnyima Mzee Likwata kahawa. Jenipher alikuwa tayari kumletea. Aliyemnyima ni wewe, mwenyeji wake, huku kikombe chako mwenyewe kiko mezani kinatoa moshi. Halafu unatia saini "mnyimwa haki." Huna aibu, baba Sauda?

Na hili la vikombe vya Ramadhani ndilo lililonipandisha hasira hasa. Ulifunga kwa ajili ya nani? Mtu akifunga ameacha, na aliyemwachia anamjua, na malipo anajua yanatoka wapi. Wewe umekaa mwezi mzima unaviwekea akiba vikombe ulivyoviacha, Idi ikapita, ukaenda kuvidai kwa binti wa watu anayekuita baba. Ulitaka ulipwe huku na huko. Watu wengi mjini wana kadi hiyo na wamefunga kama wewe, wakapata hasara yao ndogo wakanyamaza, wakamshukuru Mungu kwa mfungo uliokwenda salama. Wewe umeifanya hasara yako ikawa ya mwanao.

Umeniuliza kama kadi ina faida. Kwa Augustine ina faida. Anaingia, anakunywa, anarudi kuuza nguo zake, hana mtu wa kumngoja. Kwako haina, na hata wakikupa bure haitakuwa nayo, kwa sababu wewe hujazoea kunywa kahawa peke yako. Muuza kahawa akipita barazani anagonga vikombe vyake, unamwita, na ukimwita humwambii "nipe," unamwambia "wape." Wote waliokaa wanapewa, na kesho mwingine anasema wape, na wewe unapewa. Ndivyo ulivyokunywa tangu ndevu hazijaota. Hiyo kadi imetengenezwa kwa mtu mmoja na kikombe kimoja, na walikuambia hivyo tangu siku ya kwanza. Umempeleka mgeni kwenye kitu cha mtu mmoja, kisha ukashangaa kwamba hakiwatoshi wawili.

Kwa hiyo miezi mingine usilipie. Na hii iliyobaki usiigombanie, iache iishe yenyewe.

Sasa tuzungumze kuhusu Sauda, maana ndiye anayelia huko Mtama wakati wewe unaniandikia habari za kadi.

Kwanza nenda kwa Moza. Mwambie, "Nimekosa," ukomee hapo. Usiongeze "lakini." Nakujua kwa barua moja tu, utataka kuongeza. Mama aliyeamka kupika pilau la majibu ya posa ya bintiye akaja kulipakulia watoto wa mtaani hana haja ya kusikia masharti ya kadi.

Pili, unasema huwezi kwenda Kilangala kufuata posa. Hapo uko sawa, na nisingekutuma. Lakini inua macho uangalie juu ya kabati. Mtu aliyekwisha kukata kauli hakuachii korosho zake akakutuma kwa mama mwenye nyumba na salamu. Angepanda gari na kikapu chake. Mzee Likwata ametukanwa mbele ya stendi nzima, na bado akakuachia njia ya kumrudia, na wewe hukuiona kwa sababu ulikuwa unamtazama meneja. Moza aliiona. Ndiyo maana hataki kiguswe.

Kikapu cha watu kinarudishwa, na hakirudishwi kitupu, hilo umelelewa nalo hata kama mgahawa umekusahaulisha. Kwa hiyo hufuati posa, unarudisha kikapu. Hakuna mtu Kilangala atakayekucheka kwa hilo. Mwombe Moza akijaze anachojua yeye, na hizo korosho zitieni kwenye sahani mle pamoja, ili Moza aliyeletewa aseme zimefika. Umpigie Sauda simu umwambie unakwenda. Usimwahidi kitu, mwambie tu unakwenda na kwa nini.

Nenda alasiri, wewe na mjomba mmoja, yule mpole. Chukua birika lako la nyumbani, kahawa uliyoitwanga mwenyewe, tangawizi na kashata. Ukifika msalimu, mwambie mbele ya watu wake kwamba siku ile ulimvunjia heshima na umekuja kuomba radhi. Omba moto, upike kahawa hapo hapo kwake. Ukimimina, waliopo wote wapewe, mtoto wa jirani akipita naye aitwe, na wewe uwe wa mwisho. Neno haki usilitaje. Kadi usiitaje, hata akikuchokoza, na mzee wa namna ile atakuchokoza. Posa nayo usiitie mdomoni. Akitaka kuizungumza ataanza yeye, na mjomba atakuwepo kumjibu, maana hiyo ni kazi ya wajomba tangu mwanzo, na siku ile walikaa na kanzu zao wakaisubiri bure.

Inawezekana akanywa akanyamaza. Ukirudi bila neno, vumilia, umevuna ulichopanda pale mgahawani na si kosa la mwingine. Lakini mimi nawajua hawa wazee wetu wa korosho. Hawasahau upesi, ila mtu aliyekuja na miguu yake hawamrudishi na aibu yake.

Akikuuliza mbona umesafiri na birika, mwambie ni kahawa yake ya siku ile, imechelewa. Kisha mmiminie, na yako iache ipoe.