Mama, Mwanao Yuko Nyumbani

Mama yetu mpendwa, mwaka umetimia tangu ututoke, na leo hatukuletei machozi. Tunakuja mbio, tukigombania nani aanze kusema: ametoka! Kitinda mimba wako, fundi umeme, yuko huru!

Ulioka mikate maisha yako yote. Ulimkaripia kila mtu, kuanzia wateja mpaka tanuri lenyewe, na hakuna aliyetoka dukani mikono mitupu. "Njaa haina kesi," ulisema.

Kisha ghala ambamo mwanao alifunga umeme likaungua, na mlinzi akajeruhiwa vibaya. Msimamizi wa ujenzi akaapa mahakamani kwamba kosa ni la kijana wetu. Akafungwa. Sisi tuliijua kazi ya mikono yake, ila kujua si ushahidi.

Mtaa mzima ukamtenga msimamizi. Wewe ukaendelea kumuuzia mkate. Dada yetu mkubwa akafoka, "Mama, unalisha nyoka!"

"Nyoka hali mkate, mwanangu. Huyu ni mtu."

Tulinuna, Mama. Tulidhani umekubali yaishe hivyo hivyo. Hadi asubuhi ile msimamizi alipokuuliza mbele yetu, macho chini, "Mama, mbona hunilaani?"

Ukapangusa unga mikononi. "Nilishakusamehe. Msamaha ni wangu, ndiyo maana nimeweza kuutoa. Haki ni ya mwanangu. Hiyo sina ruhusa ya kukuachia. Nenda ukairudishe."

Akaondoka bila mkate, moja kwa moja hadi kwa wakili wetu wa rufaa. Baadaye alituambia, "Angenichukia, ningejitetea mpaka kaburini. Yule mama hakuniachia pa kujificha."

Ukaugua, ukaondoka kabla rufaa haijasikilizwa. Mwanao hakuruhusiwa hata kuja kukuzika.

Laiti ungeiona siku ile! Msimamizi alisimama kizimbani, akasema yote: jinsi alivyong'oa nyaya nzuri akaweka mbovu, jinsi alivyodanganya. Alijua fika anajifungulia mlango wa jela. Jaji alipotamka "huru", dada mkubwa akapiga kigelegele. Askari akamwambia anyamaze. Akapiga cha pili!

Sasa msimamizi anatumikia adhabu yake. Mwanao anasema kumsamehe bado. Wiki iliyopita alipanda basi aende kumtembelea gerezani, akashukia njiani, akarudi kwa miguu. Hatumsukumi. Hata wewe hukumsukuma mtu kusamehe.

Leo na siku zote, Mama, humu mioyoni hutoki. Unakumbukwa na mumeo, binti zako, wakwe, wajukuu, wateja wako wa alfajiri, na kitinda mimba wako, ambaye asubuhi hii amekaa kando ya kaburi lako hadi jua likapanda, akikusimulia mambo yake taratibu, na hakuna askari aliyemwambia muda umekwisha.