Jina Alilopewa Mwanafunzi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Lumuma hatujambo, shangazi yako amemaliza kuvuna maharage.

Unauliza kwa nini wazee wanawadanganya wanafunzi wako wa chuo wanaoingiza habari za koo zetu kwenye kompyuta. Mimi siwashangai. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikafurika Dumila, alikuja kijana wa chuo kikuu na kinasa sauti. Mama yangu akamtajia mwanzilishi wa ukoo wetu kwa jina la uongo.

"Mbona hivyo, mama?" nilimuuliza kijana alipoondoka.

"Akirudi kunisomea alichoandika, nitamsahihisha. Asiporudi, basi hakuja kwa ajili yetu."

Hakurudi. Jina lile limo katika kitabu alichoandika mpaka leo.

Nawe, mwalimu wao, majina niliyokutajia Pasaka bado hujanisomea.

Nakungoja,
Bibi yako