Mashine Mbili za Kuangulia Mayai

Mjukuu wangu Wafula,

Mwanangu Nekesa ametumbukiza kipima joto changu cha akiba kwenye uji sasa hivi, na ananiangalia kama ni mimi nimekosa. Tuko salama hapa Nambale. Najua unacheka nikikuita mjukuu wakati umenizidi umri, lakini kwa ukoo mimi ndiye kukhu yako, na nyanya akiulizwa hujibu.

Umeuliza uchague mradi gani kati ya ile miwili ya bure ya mtandaoni, ya kutengeneza mashine ya kuangulia mayai. Sikusoma sana, lakini yote niliifungua kwa simu. Wa kwanza una picha nzuri na kioo cha rangi cha kuonyesha joto, ila watu wameuliza maswali pale bila kujibiwa mpaka wakachoka. Wa pili hauna sura, lakini aliyekwama anajibiwa, na vifaa vyake nilivipata Malaba.

Nikiwa msichana, mama alikuwa anachagua kuku wa kuatamia. Nikamwonyesha mmoja mwenye manyoya ya kung'aa. Akacheka, "Huyo ni wa kuchinjia wageni." Akamchukua mweusi, mwenye shingo tupu. "Huyu hata umfukuze, anarudi kwa mayai."

Basi nikatengeneza ule wa pili. Mama mkwe alinikabidhi mayai yake yote, na leo ndiyo siku ya kuanguliwa. Tangu asubuhi ni kimya. Siwezi kukuambia nilichagua vizuri, kwa sababu bado sija—

Mama mkwe ananiita. "Mama Nekesa, wacha kuandika. Njoo usikie, kuna kitu kinagonga ndani ya—"