Diski Yenye Kazadi Alichagua

Mujukuu wangu Aline,

Huku Gisenyi tuko wazima, ila tangu asubui chini inatikisika na nyanya yako anaogopa kuingia ndani. Unauliza, kati ya zile diski za rock zenye wimbo moja inajaza upande muzima, gani inapita zote. Nilibishana hivyo na rafiki yangu Kazadi kule Goma, siku volkano ilipasuka. Diski yangu ilikuwa inapiga, yeye aliidharau. Sindano iliporuka juu ya diski tulidhani ni ngoma za wimbo zinaitikisa, tukaongeza sauti. Kisha dirisha ikawa nyekundu. Nilikimbia mikono mitupu. Kazadi alitoka nyuma yangu na diski moja kifuani: yangu. «Ungerudi kuitafuta,» akasema.

Donc, basi, ni hiyo inapita zote. Leo nimeiweka mulangoni, pamoja na viatu vyetu.

Babu yako