Udongo Haukuhama

Iringa, 12 Juni 1976

Mpendwa mwanangu Kasmir,

Pokea salamu za mama yako anayeandika huku amejifunga kanga tatu. Afya ninayo, isipokuwa vidole. Mimi, mzaliwa wa Kibosho, kutetemeka mbele za watu! Kariakoo imenilegeza. Josepha na wajukuu wangu hawajambo?

Pijo la marehemu baba yako linakwenda vizuri. Polisi mmoja njiani alilichungulia akaniuliza mzee mwenye gari yuko wapi. Nikamwambia mzee amelala kaburini Kibosho, ufunguo kaniachia mimi. Akanipisha.

Unasema nazurura. Sizururi, baba. Maisha yangu yote ya ukunga nimebeba vitambaa vya wazazi kwenye kikapu cha Iringa nilichonunua sokoni, na sikuwahi kumjua aliyekisuka. Sasa nimestaafu, nimekuja kuwaona wenyewe. Leo nimeshinda na wasukaji. Baridi imewapasua mikono, nao wanasuka huku wanacheka, wakanicheka na mimi.

Kuhusu kuhamia kwenu Mchafukoge, bado nafikiri. Pale kwangu Msimbazi majirani wananijua hata kwa kikohozi. Jibu nitakupa mwenyewe. Niandikie kupitia misheni ya Njombe.

Mama yako,
Severa

Dar es Salaam, 24 Juni 1976

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Kipupwe kimeingia, na wajukuu wako wanajifunika shuka mbilimbili, eti wanamuiga bibi.

Mama, silali vizuri. Umri ule, peke yako, na gari lile. Kazini kila siku wananiuliza mama yako yuko wapi.

Basi nimekufanyia jambo la kukufurahisha. Jumamosi tumehamisha vitu vyako vyote: kitanda, kabati, cherehani, hata picha ya baba. Chumba chako hapa kwetu kimepakwa rangi ya samawati uipendayo. Kile cha Msimbazi nimemrudishia mwenye nyumba, na wapangaji wengine wameshaingia. Sasa huna la kufikiria tena. Umetulea kwa taabu, nisije nikaambiwa shukrani ya punda ni mateke.

Mwanao,
Kasmir

Itundu-Juu, 2 Julai 1976

Mwanangu Kasmir,

Salamu kutoka kwenye ukungu. Mafua yamenipata, lakini chai ya tangawizi ipo. Njombe sijafika, kwa hiyo kama umeniandikia, barua yako inanisubiri huko. Jumapili saa nane ilinikuta Makambako, na magari hayaruhusiwi tena baada ya hapo, kubana petroli. Nikalala mlemle garini na upepo ukivuma. Asubuhi nikakata njia ya kwenda kwa wafinyanzi, nao niwaone kama nilivyowaona wasukaji.

Hapa ni kijiji kipya cha ujamaa. Mwaka jana watu walipandishwa kutoka bondeni, wakapewa barabara na bomba, na zahanati inajengwa. Si haba. Ila udongo haukuhama. Huu wa juu una mchanga, vyungu vinapasuka motoni. Kwa hiyo Bibi Evarista, mwenyeji wangu, hushuka bondeni na baridi yote hii, akachimba pembeni mwa nyumba yake ya zamani, akaupandisha kichwani. Nikamuuliza kama alikataa kuhama.

“Nisingekataa,” akasema. “Ila hakuna aliyeniuliza.”

Leo nimemzalisha mkwewe, mtoto wa kiume. Mkunga wa karibu yuko Njombe. Nilipokishika kile kichanga niliwakumbuka wanao, na nimeshafikiri ya kutosha. Jibu langu ni ndiyo, nitahamia kwenu. Nikirudi tutapanga siku, niwaage majirani kwa chakula, ufunguo niukabidhi kwa mkono wangu.

Mama yako,
Severa

Njombe, 9 Julai 1976

Kasmir,

Sijambo. Barua yako nimeisoma ndani ya gari, nje ya misheni, nikalia.

Najua unanipenda. Lakini umeishusha picha ya baba yako ukutani mimi sipo. Watu niliowazalishia watoto wao sikuwaaga. Barua yangu ya Itundu-Juu bila shaka umeshaipata. Nisingekataa, mwanangu.

Kabla sijaondoka kule, wanakijiji walinikalisha. Zahanati haina mkunga. Mwenyekiti akaniuliza kama ningependa kukaa nao, akasema nisiharakishe, niende Njombe nikafikiri. Nimefikiri. Kesho narudi kuwaambia nakubali.

Sikutupi. Mtoto hatupwi.

Mama yako,
Severa

Dar es Salaam, 20 Agosti 1976

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo kiafya. Nisamehe kimya, kila nilipoanza kuandika nilichana karatasi.

Nilikwenda Msimbazi kuwaaga majirani kwa niaba yako. Bi Celina wa chumba cha pili alinipa chai, hakunilaumu. Aliniuliza tu kama wewe ulijua kuwa unahama.

Mlango wa chumba chako hapa tumeufunga. Watoto wanaukwepa.

Mama, safari hii nauliza. Naweza kuja kukusalimia? Na nikija, nikuletee nini katika vitu vyako?

Mwanao,
Kasmir

Itundu-Juu, 1 Septemba 1976

Mwanangu Kasmir,

Marahaba. Mafua yameisha.

Njoo, baba. Vaa sweta. Niletee cherehani na picha ya baba yako. Kitanda kiache hapohapo kilipo, Krismasi nitakuja kukilalia.

Mama yako,
Severa